Sauti ya Shimoni

Mkono ulikuwa bado begani, na vidole vilikuwa vinazidi kubana.

"Ulikwenda kwa dereva," Bwana Makofi alisema tena, safari hii polepole.

Mnong'onezaji wetu hakugeuka. Walikuwa wamesimama nyuma ya pazia, yeye na mzee yule, na upande wa pili watu walikuwa wanakohoa, wanakokota viti na kuitana. Ukumbi ulikuwa unajaa. Waziri alikuwa ameshafika na kupewa kiti cha mbele. Jua la alasiri lilikuwa linapenya kwenye madirisha ya juu, na onyesho lilikuwa karibu kuanza.

"Nilikwenda, mzee."

"Akakwambia nini?"

"Aliniambia kwamba enzi zile aliendesha gari la polisi."

"Na nini kingine?"

"Na kwamba wewe ulikaa kiti cha mbele."

Vidole vililegea. Usidhani ni kwa aibu, msomaji. Aibu na Bwana Makofi hawajawahi kukutana hata njiani. Vililegea kwa sababu alikuwa anafikiri, na mzee huyu akianza kufikiri, kuna mtu mahali fulani ataumia.

"Sikiliza, binti yangu," alisema, sauti imekuwa laini. "Dereva yule siku hizi anasahau hata jina la mkewe. Leo jengo hili linapewa jina langu. Waziri atavuta kitambaa, nitapigwa picha, nitakwenda zangu nyumbani. Wewe utanisomea yaliyoandikwa, neno kwa neno. Ukiongeza hata kikohozi, mama yako halali tena kwenye kile chumba changu cha uani."

"Mama yangu ni mgonjwa wa miguu."

"Ndiyo maana nakuomba usome vizuri."

Akampigapiga begani kwa upole wa baba mzazi, kisha akaenda zake kupakwa poda.

Kwa aliyelikosa gazeti letu wiki iliyopita, au aliyelifungia sabuni kabla hajalisoma, ngoja nimvute mkono twende pamoja.

Jumba hili lilijengwa na wakoloni ili wapate pa kuimba nyimbo za kwao na kuigiza michezo ya kwao bila kutuona sisi. Mawe yalibebwa vichwani na watu wetu, kisha mlango wa mbele ukafungwa usoni mwa watu haohao. Ndani kulikuwa na piano iliyokuja kwa meli, viti vya mahameli, na kibanda cha pembeni juu ambako Gavana alikaa akisinzia. Mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma tu, na awe na ufagio au kamba mkononi.

Isipokuwa mmoja. Katikati ya ukingo wa jukwaa, chini ya sakafu, pana shimo la kumtosha mtu mmoja, limefunikwa kwa kofia ya mbao ili watazamaji wasimwone aliyemo. Humo huketi mnong'onezaji. Kazi yake ni kumtupia mwigizaji kila mstari kwa sauti ya chini kabla hajausema. Wazungu wale walikuwa mameneja wa benki na wake wa mabwana shauri, wanaigiza kwa kujifurahisha, vichwani hamkai kitu. Mnong'onezaji wao alipougua homa, wakagundua kwamba mfagizi mmoja alisomeshwa na wamisheni na lugha yao anaisoma bila kukwama. Wakamtia shimoni. Kukaa naye kwenye viti ilikuwa mwiko. Kuazima maneno kinywani mwake, hapo hawakuona tatizo.

Mfagizi huyo ndiye baba wa binti huyu.

Na siku moja, Gavana akiwa kibandani kwake na wageni wake, shimo likanyamaza. Mke wa bwana mkubwa alibaki katikati ya jukwaa na mdomo wazi, mumewe pembeni na upanga wa mbao, hakuna anayejua la kusema. Mchezo ulifia palepale. Mji mzima ulicheka mpaka ukaumwa mbavu, na uhuru ulipokuja, watoto wakafundishwa shuleni kwamba ule ndio mgomo uliowavua nguo wakoloni.

Sasa, nani alinyamaza? Tuliambiwa kwamba mfagizi alitoroka kwa woga kabla ya mchezo, akavuka mpaka, asirudi kamwe. Tuliambiwa kwamba kijana jasiri, mvuta pazia, aliingia shimoni badala yake, akafunga mdomo kwa niaba ya taifa. Kijana huyo ndiye Bwana Makofi. Mfagizi akaachiwa jina la Mtoro, na binti yake amekua akiitwa mtoto wa Mtoro, shuleni, sokoni, hata siku ya harusi yake.

Mpaka dereva mstaafu wa polisi alipomfungulia siri. Mtoro hakuvuka mpaka wowote. Ni yeye aliyekuwa shimoni, ni yeye aliyenyamaza, akajificha, akakamatwa, akafia jela. Na aliyekaa kiti cha mbele cha lile gari, akionyesha njia ya kwenda mafichoni, ni Bwana Makofi.

Haya, sasa tuko pamoja. Turudi nyuma ya pazia.

Mnong'onezaji alishuka ngazi za kwenda chini ya jukwaa. Alikuwa na hasira ambayo ilikuwa haijapata pa kukaa tangu atoke kwa dereva. Alitaka mzee yule aumie. Alitaka aumie mbele za watu, akiwa amevaa vizuri, mbele ya Waziri na mbele ya kitambaa chake. Na alijua la kufanya: atamwacha katikati ya maneno na kufunga mdomo, kama baba yake alivyofanya.

Alipoinama kuingia shimoni, akakuta mtu amekaa.

"Samahani, dada," alisema aliyekaa. "Baba ameniambia leo nasoma mimi."

Alikuwa binti wa Bwana Makofi, mtangazaji wa redio, mwenye sauti ambayo mji mzima huamka nayo asubuhi. Mzee alikuwa amebadili nia akiwa bado anapakwa poda.

"Unaijua kazi hii?" mnong'onezaji aliuliza.

"Kusoma?" Yule binti alitabasamu, na wala hakuwa na ubaya. "Dada, mimi kazi yangu ni kusoma."

Mnong'onezaji akapanda ngazi akiwa hana la kushika. Miaka yote ameketi humo akimlisha mzee huyo maneno, na siku aliyoihitaji ile nafasi, kaporwa. Akasimama pembeni mwa jukwaa karibu na Mama Kengele.

Mama Kengele ni msimamizi wa jukwaa. Hakuna taa inayowaka wala pazia linalopanda pasipo yeye kugonga kengele yake, na hana adabu kwa mtu yeyote mwenye cheo.

"Niliwasikia," alisema bila kumtazama. "Nilikuwa nyuma ya ngazi. Nimemtumia mama yako habari."

"Kwa nini umsumbue? Si mzima yule."

"Kwa sababu anayetishiwa kufukuzwa ni yeye, si wewe. Acha ajue."

Kengele ikalia. Pazia likapanda.

Mchezo wenyewe ulikuwa historia ya jumba. Wajenzi waliingia na mawe ya maboksi vichwani wakiimba, watu wakapiga makofi. Gavana wa bandia akasinzia kibandani, watu wakacheka. Kisha akaingia Bwana Makofi na fimbo yake, na ukumbi ukalipuka kabla hajafungua mdomo. Hivyo ndivyo alivyolipata jina lake.

Halafu akafungua mdomo.

"Mimi," alinguruma, "ni mtoto wa… mimi ni mtoto…"

Sauti nzuri ikapanda kutoka shimoni, tamu, yenye vituo vyake vyote: "Mimi ni mtoto wa jengo hili, na jengo hili ni mtoto wa jasho letu."

Tatizo ni kwamba ilichelewa. Mnong'onezaji wa kweli humtupia mwigizaji maneno machache machache wakati bado anamalizia yaliyotangulia, kisha hunyamaza ampishe. Mtangazaji wetu alingoja baba yake amalize, akavuta pumzi, akausoma mstari mzima kwa hisia. Mzee akaruka naye katikati ya sentensi, wakagongana, wote wakanyamaza.

"Jasho la… la jengo," alisema Bwana Makofi.

Kule nyuma mtu akacheka.

Ukweli ni huu, na ndani ya jumba wote waliujua ila hawakuutamka: mzee huyu alikuwa hajashika mstari kichwani kwa miaka mingi. Shimo linasema, mdomo unasema. Kichwa hakiulizwi. Alikuwa amezoea hivyo kiasi kwamba ungemnong'oneza bei za mchele naye angezitangaza kwa machozi.

Jasho lilianza kuchora mistari kwenye poda. Akaugonga ubao kwa fimbo kwa nguvu, akaonyesha kwaya waimbe, kisha akatoka kwenda pembeni akihema.

"Wimbo huu haumo," alisema Mama Kengele.

"Waimbe wowote. Mtoe huyo mtoto shimoni." Akamgeukia mnong'onezaji. "Rudi."

"Mzee, si umesema—"

"Nimesema rudi. Na mama yako usimsahau."

Basi yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akamrudisha. Mnong'onezaji alipogeuka kushuka, Mama Kengele akamshika mkono.

"Mama yako huyo hapo ukumbini. Kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango."

"Amekuja na nani? Ametembeaje?"

"Amekuja na godoro lake, amelifunga kamba, na furushi la vyombo. Chumba amemrudishia mwenyewe. Kanituma nikwambie usome yote, mpaka mwisho."

Mnong'onezaji alikaa shimoni. Kiti kilikuwa bado na joto la yule mwingine. Moyoni alihisi wepesi ambao hakuwa ameutarajia, maana sasa mzee hakuwa na kitu chochote cha kumtishia nacho.

Kwaya ikamaliza. Likafuata tukio la Mtoro, ambalo watu hulipenda kuliko yote. Kijana wa matambara akavuka jukwaa mbio, suruali inamdondoka, huku analia, "Jamani mpaka uko wapi?" Watu wakacheka mpaka wakapigana magoti. Mstari ule mnong'onezaji ndiye aliyemtupia kijana, kama alivyofanya kila onyesho. Akaweka karatasi za mchezo sakafuni. Kunyamaza hakukumtosha tena. Mzee akibaki kimya, watu watamwonea huruma, wataleta maji na kiti, na jina litabaki ukutani.

Bwana Makofi akasogea ukingoni, taa ikamlenga yeye tu. Hapa ndipo husema: Siku ile, wenzangu, niliingia shimoni peke yangu.

"Siku ile, wenzangu, sikuingia," sauti ikapanda kutoka chini.

"Siku ile, wenzangu," Bwana Makofi alinguruma, "sikuingia shimoni."

"Nilikuwa kwenye kamba."

"Nilikuwa kwenye kamba ya pazia, natetemeka."

Hapo macho yake yalishuka shimoni. Masikio yake yalikuwa yameanza kusikia kile ambacho mdomo ulishasema, pamoja na yale ulioyaongeza wenyewe. Akageuza uso pembeni ili asipate mstari unaofuata. Lakini ukumbi ulikuwa umetulia unamngoja, na hakuna kitu alichokiogopa mzee yule duniani kuliko ukumbi uliotulia. Akavumilia kidogo. Akageuka mwenyewe kuelekea shimoni.

"Aliyenyamaza ni yule mfagizi."

"Aliyenyamaza," alisema Bwana Makofi, na sauti ilikuwa inatetemeka kikwelikweli, "ni yule mfagizi mnayemwita Mtoro."

"Nikawapeleka polisi."

"Nikawapeleka polisi alikojificha. Nilikaa… nilikaa kiti cha mbele. Nikachukua jina lake la ushujaa, nikamwachia la utoro."

Akatweta. Machozi yalikuwa yanamtoka, na chini shimoni mnong'onezaji naye alikuwa analia kwa furaha mbaya, ile ambayo mtu huionea haya baadaye.

Kisha ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Waziri alikuwa amesimama. Wake kwa waume walikuwa wamesimama, wanapangusa macho, wanatikisa vichwa. "Huyu mzee ni hatari," mtu alisema. "Unaona alivyoigeuza? Unamwamini kabisa." Walidhani ni mchezo.

Mnong'onezaji alikuwa amempa adui yake onyesho bora la maisha yake.

Na Bwana Makofi naye akaona. Mgongo ukanyooka. Akainama kwa heshima kulia, akainama kushoto, na alipoinama katikati, aliangalia shimoni akatabasamu. Kisha akafungua mikono na kungoja, macho yanamwambia binti: lete mwingine, uone nitakavyoupamba.

Lakini kutoka pembeni mwa jukwaa ikaja sauti nyingine. Sauti hii mji mzima unaijua, haihitaji kipaza sauti, na mwenyewe hajui kunong'ona.

"Baba, hayo hayamo."

Makofi yakapungua.

"Mimi nimeusoma mchezo sasa hivi," alisema binti wa redio. Alikuwa ametoka mpaka kwenye mwanga, uso umemsawijika. "Umeandikwa kwamba uliingia shimoni. Kwa nini unasema polisi? Baba, polisi gani?"

Pole mtoto. Aliuliza tu, kama binti yeyote angemwuliza baba yake. Ila makofi yalikatika kama mtu amezima swichi, na Waziri akakaa taratibu bila kumtazama mtu.

Mnong'onezaji alisukuma ile kofia ya mbao, ikaanguka kwa kishindo. Akasimama shimoni, kichwa na mabega nje, watu wote wakamwona.

"Mjibu mwanao, mzee," alisema. "Mimi simsomei mtu tena."

Bwana Makofi akatazama taa. Akatazama kwaya. Akamtazama Mama Kengele, aliyekuwa na mkono kwenye kengele na hakuigonga. Hakukuwa na neno lolote kutoka popote. Watu walimwona mzee anatafuta ndani yake mwenyewe, mahali ambapo alikuwa hajaingia miaka mingi.

Akapata.

"Sawa," alisema. Haikuwa sauti ya jukwaani. Ilikuwa nyembamba, kavu, ya mzee wa kawaida aliyekasirika. "Nilionyesha njia. Mmefurahi? Nilikuwa kijana, nilitaka kazi, nikaonyesha njia. Lakini mimi niliijuaje?"

Akagonga ubao kwa fimbo.

"Alijificha kwenye ghala la pamba. Mimi sikulijua. Dereva hakulijua. Aliyelijua ni mtu mmoja tu, aliyekuwa anampelekea chakula na nguo safi, naye ndiye aliyeniambia." Akanyoosha fimbo juu ya vichwa vya watu, hadi mwisho wa ukumbi. "Mnataka kumnyonga mtu leo? Anzeni na yule pale aliyekumbatia godoro. Mwulizeni mke wa mfagizi."

Viti vikalia. Vichwa vyote vikageuka.

"Mwongo," alisema mnong'onezaji. Alisema kwa sauti kubwa, na ilimshangaza hata yeye, maana alikuwa hajawahi kupaza sauti ndani ya jumba lile. "Mwongo tangu ujana wako. Mama, simama umwambie."

Mama alisimama.

Aliacha godoro, akaacha furushi, akaanza kuja kwenye njia ya katikati, miguu imevimba, anajishikilia kiti hadi kiti. Mama Kengele alishuka kumsaidia, naye akamkatalia kwa mkono. Watu walikunja magoti kumpisha. Alipita mbele ya Waziri bila salamu, akapanda ngazi za pembeni hadi ukingoni mwa jukwaa, akasimama juu ya shimo ambamo mumewe alikaa na sasa mwanawe yumo.

"Mama, mwambie si kweli."

Mama alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha binti.

"Ni kweli," alisema.

Ukumbi ulivuta pumzi. Bwana Makofi akaishusha fimbo yake.

Na mnong'onezaji, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameapa kutomsomea mtu tena, akainua mikono akashika upindo wa kanga ya mama yake, na midomo ikaanza yenyewe, kwa ile sauti ya chini ya kazini.

"Sema walikulazimisha, mama. Sema walikuja usiku. Sema walinishika mimi, nilikuwa mchanga, wakasema wataniua. Sema—"

Mama akainama kwa shida, akamfunika mdomo kwa kiganja.

"Toka humo shimoni, mwanangu," alisema. "Haya siyo ya kunisomea."